Mwaka Nilipopanda Juu ya Gogo

Nianze na yangu, sababu hakuna mwingine atanisemea. Ukiingia Bunia kutoka upande wa Bogoro, ukatazama mapaa mapya ya mabati mpaka ufike Lumumba, nusu ya mbao inayobeba hayo mabati ilitoka kwa depo yangu. Shule niliacha mwaka wa nne wa primere. Kuandika nilijifunza kwa kuandika vipimo juu ya ubao na kalamu ya seremala, na kitabu hiki nakiandika vilevile, bila kupigia mwalimu yeyote magoti. Niko na mashine mbili za kupasua, niko na kamiyo ya kubeba mbao, niko na wafanyakazi kumi na mmoja, na wote wananiita Patro, mukubwa wa kazi. Kwa hiyo Jumanne ile, wakati mutu mwenye kichwa cheupe alisimama kwenye mulango wa depo akaita kwa sauti, "Vumbi! We Vumbi!", wafanyakazi walicheka. Walifikiri ni mulevi anaita mbwa wake. Mimi sikucheka. Jina lile nilipewa nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na wale wote walioniita hivyo nilikuwa nimekwisha kuwazika ndani ya kichwa changu.

Alikuwa Zakaria. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, juu ya jicho kulikuwa kovu pana kama kiwavi, na vidole viwili vya mukono wa kushoto vilikuwa vimeshikana kuwa kidole kimoja. Lakini macho yalikuwa safi, na hiyo ndiyo ilinitisha, sababu mara ya mwisho nilipomuona macho yake yalikuwa kama maji ya kuoshea sahani. Alikaa juu ya rundo la mbao bila kukaribishwa. Nilimwambia, "Karibu, yaya," vile tunaita kaka mukubwa, nikaanza kumuonyesha mashine zangu. Hakutazama. Alisema, "Nimekuja kuuliza neno moja, kisha nitaenda. Ile asubuhi kwa Mama Furaha, ilikuwa moto ama haikukuwa moto?"

Ili uelewe swali lile, unapashwa kuingia ndani ya kiwanja cha Muzee Ngadjo, ndani ya kartie Lumumba, mtaa wetu wa zamani, mwaka ule kabla ya vita, wakati mbao zilikuwa zinapasuliwa kwa mikono. Gogo la muti wa libuyu lililala juu ya shimo refu. Mutu mumoja alisimama juu ya gogo, mwingine aliingia chini ndani ya shimo, na kati yao musumeno wenye urefu wa mutu na nusu ulipanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jua liiname. Yule wa juu anaitwa fundi. Yeye ndiye anaweka mustari: anachovya kamba ndani ya unga mweusi wa betri za zamani uliochanganywa na maji, anainyoosha juu ya gogo, anaivuta na vidole viwili na kuiachilia, paa! Mustari umekaa. Yule wa chini hana kazi ya akili. Anavuta, na unga wote wa mbao unamuangukia machoni, puani, ndani ya shingo ya shati. Mimi nilikuwa wa chini. Ndiyo sababu ya Vumbi. Zakaria alikuwa wa juu, na sijaona tena jicho kama lile. Alikuwa anasikiliza musumeno kama mutu anasikiliza mutoto anayelala, na kama unaanza kuinama hata upana wa kucha, aliniita kutoka juu, "Vumbi, inaenda kushoto," kabla mimi mwenyewe sijasikia kitu. Mwezi wa kwanza nilimuchukia. Mwezi wa pili nilimupenda, lakini chuki haikutoka, vilikaa pamoja.

Tulilala ndani ya aneksi nyuma ya nyumba, watu wanne, mikeka minne, dirisha moja lenye ubao badala ya kioo. Chumba chote kilinuka mawese, sababu misumeno ilipakwa mawese na ililala na siye. Chakula tulikula jikoni kwa Mama Furaha, bibi ya Muzee, mwanamuke munene mwenye kusema kila kitu alichofikiri. Bugali moja kubwa katikati, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya sahani moja, na kikombe kimoja cha bati kilichozunguka toka mukono mpaka mukono. Mutu alikunywa, akapangusa mudomo wa kikombe na kidole gumba, akapeleka kwa mwenzake. Ukinyimwa kikombe kile, umejua hauko tena mutu wa nyumba. Hapo ndipo nilisikia habari ya kifafa kwa mara ya kwanza, siku binti ya jirani alianguka kwa bomba. Mama Furaha alikuwa anakoroga bugali akisema, "Mutu asimuguse! Mate yake ikikufikia, imekuingia." Mutu mumoja akauliza, "Na kama akijamba?" "Hata akijamba! Ukisikia harufu, kwisha habari yako." Tulicheka mpaka Muzee akatupigia kelele. Kisha Mama Furaha akaacha mwiko, akasema pole pole, kama mutu anasoma hukumu, "Lakini yule bado iko na bahati. Moto haiyamugusa. Kifafa ikishaguswa na moto, mara moja tu, mutu aanguke ndani ya makala ya moto, hakuna dawa tena duniani. Imekomaa." Wote waliitika. Zakaria aliitika pia, akitafuna.

Nilijua siri yake kabla ya mwezi wa tatu, sababu mimi ni mutu wa kuchunguza, na tabia hiyo ndiyo imenitajirisha. Chini ya mukeka wake kulikuwa kopo la maziwa, ndani yake vidonge vidogo vyeupe. Alimeza kimoja kila jioni kabla ya kula, akijifanya anaenda kunawa. Nilimukamata kwenye kona ya nyumba. Hakukasirika. Aliniambia ameanguka tangu akiwa na miaka nane, kule kwao upande wa Kilo, na alifukuzwa shule, akafukuzwa kwa shimo la dhahabu, akafukuzwa hata na kwaya. Kisha infirmie mumoja, muuguzi wa dispansere, alimupa vidonge vile, na sasa alikuwa amemaliza miaka miwili bila kuanguka hata mara moja. "Vumbi," akasema, "ukisema, napoteza gogo. Sina kitu ingine." Niliapa kwa jina la mama yangu. Na sikusema, hiyo ni kweli. Lakini tangu siku ile, kila nikichoka kuvuta, nilimutupia neno kutoka ndani ya shimo, "Yaya, leo umeshakunywa chai yako nyeupe?" Na yeye juu kule, mbele ya watu, alikuwa analazimika kucheka.

Halafu vidonge vikakosekana. Dispansere iliishiwa, infirmie akamwambia arudi wiki inayofuata. Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa watano jikoni, tunangojea uji. Zakaria alisimama kuchukua kikombe, akakatika katikati ya hatua, akageuza kichwa kwa ukuta kama mutu ameitwa na jina lake. Akalia sauti moja ambayo si ya mutu, akaanguka. Nyinyi muliosoma mutasema mungefanya hivi na hivi. Siye tulikimbia. Mama Furaha alikuwa wa kwanza kutoka, na unene wake wote. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho, na katika kuruka mguu wangu ulipiga mbabula, jiko la makala. Sufuria ya uji ikarushwa mpaka pale alipolala, ikapinduka. Uji wote ulimwagika juu ya shingo na mukono wake, nao ulikuwa bado unachemka. Makala yalitawanyika upande mwingine, na hakuna hata kaa moja lililomufikia. Kupima ndiyo kazi yangu, na niligeuka mulangoni nikapima: kati ya kichwa chake na pale mbabula iliposimama kulikuwa urefu wa musumeno muzima. Hakuanguka motoni. Nilimumwagia mimi.

Wakati mwili wake ulitulia, Mama Furaha alichungulia. Aliona makala chini, mbabula imelala, ngozi ya shingo inabanduka. Akaweka mikono kichwani, akapiga kelele ambayo kartie yote ilisikia: "Moto imemugusa! Yesu wangu, moto imemugusa!" Watu waliingia kiwanjani, wakatazama kwa mbali, wakatikisa vichwa. Nilifungua mudomo wangu. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Kisha Muzee Ngadjo akanitazama, akatazama gogo lililokuwa nusu limepasuliwa, na mwenye mbao alikuwa anazitaka Jumatatu, akasema, "Vumbi, unajua kuweka mustari?" Nikaufunga mudomo, nikaufungua tena kwa kusema, "Ndiyo, Muzee."

Niwaambie jinsi kulivyo juu ya gogo. Kuna upepo. Unaona mapaa ya Lumumba, unaona wanawake wakipita na mabidoni ya maji, na wao wanakuona. Unga unaenda chini, kwa mwingine. Mustari wangu wa kwanza ulikuwa umenyooka, na sikuazima akili ya mutu kwa hiyo. Siku tisa nilikuwa nimekaa kule juu wakati infirmie alifika na kinga yake (vile tunaita baisikeli), mutu mufupi mwenye shati iliyopigwa pasi. Zakaria alikuwa amelala aneksi peke yake, siye wengine tulikuwa tumehamisha mikeka kwa barza. Infirmie akamuuliza sababu hakurudi, vidonge vimefika. Zakaria akajibu, bila huzuni, kama mutu anaeleza njia, "Ya kazi gani tena, infirmie? Moto imenigusa."

"Nani alikuambia hiyo upumbafu?"

"Batu bote baliona," akasema Mama Furaha kutoka mulangoni.

Infirmie akaondoa kitambaa kilichofunika kidonda. Alitazama muda mrefu. "Hii si makala," akasema. "Makala inachimba nafasi moja. Angalia hii, imetiririka, imeshuka shingo mpaka kwa kiwiko. Hii ni kitu ya maji maji. Na hata ingekuwa moto, ile ni maneno ya bure, dawa haiulize kama ulianguka wapi." Akageuka. "Nani alitoka wa mwisho?"

Wote walinitazama. Nilikuwa na kamba ya mustari mukononi, vidole vyangu vilikuwa vyeusi. Nikasema, "Mimi. Alianguka na kichwa ndani ya mbabula. Uji ilimufuata nyuma."

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu."

Na sasa ninaandika kitu ambacho sijawahi kumwambia hata bibi yangu. Zakaria alinitazama kwa shukrani. Aliinua mukono wake muzima akanionyesha kwa infirmie. "Unasikia? Huyu ni mudogo yangu. Yeye hawezi kunidanganya." Infirmie aliacha pakiti ya vidonge juu ya mukeka, akapanda kinga yake akaenda. Jioni ile Zakaria alinipa pakiti pamoja na kopo lake. "Tupa," akasema. "Itanisumbua tumbo tu." Nilitupa vyote ndani ya choo. Nilisimama kusikiliza mpaka vilifika chini.

Watu wanauliza kifafa kinafanya mutu nini. Nilikiona kikifanya kazi yake kwa miezi saba, na hata seremala muzuri hapunguzi ubao kwa uhakika ule. Mwezi wa kwanza alianguka mara mbili. Muzee, kwa huruma, alimurudisha kazini, lakini chini, ndani ya shimo, chini yangu. Alivuta vizuri. Na kutoka kule chini, macho yamejaa unga, alikuwa bado anasikia musumeno. "Vumbi, inaenda kushoto." Alikuwa na haki kila mara. Nilimujibu, "Vuta, nyamaza. Fundi iko hapa juu." Siku moja alianguka mule ndani ya shimo, nikasikia musumeno unakuwa muzito. Sikushuka. Niliketi juu ya gogo, nikavuta sigara, nikangojea ipite kama mutu anangojea mvua, na wapita njia walisimama kunitazama mimi, si yeye. Mwezi wa tatu alikuwa anaanguka kila wiki. Mwezi wa tano alianguka ndani ya moto kweli, kwa makala ya Mama Furaha yaleyale, na hapo vidole vilishikana. "Munaona?" akasema Mama Furaha. "Munaona sasa?" Alikuwa na furaha ya mutu ambaye neno lake limetimia, na mimi nilipata usingizi muzuri wiki ile, sababu uongo wangu ulikuwa umekuwa kweli bila mimi kuusaidia.

Halafu akili. Alianza kusahau kufunga kifundo. Alikaa chini ya ukuta na kamba mukononi, anazungusha, anafungua, anazungusha, mutu ambaye aliweka mistari iliyonyooka kuliko ukuta wa kanisa. Alisahau jina la Muzee. Jina langu hakusahau. Alikula nyuma ya jikoni, juu ya sahani iliyovunjika, na alikunywa ndani ya kopo la nyanya alilopewa na Mama Furaha, ambaye aliliosha na fimbo, bila kuligusa. Kikombe cha bati kilipozunguka, aliangalia kikipita mbele yake, akageuza macho kila mara kama mutu anasoma. Mwisho wa mwaka Muzee alimutafutia nafasi ndani ya kamiyo iliyokuwa inaenda upande wa Kilo. Hakuna abiria alikubali kukaa karibu naye, wakamuweka nyuma pamoja na mbuzi. Alikuwa amefunga kopo lake la nyanya kiunoni na kamba yangu ya mustari. Aliniaga na mukono. Nilikuwa juu ya gogo, sikuweza kushuka katikati ya kazi, na kusema kweli sikutaka.

Mbao nilizopasua mwaka ule zilinipa jina. Jina lilinipa kiwanja, kiwanja kilinipa mashine. Vita ilikuja, ikaniunguzia yote, nikajenga tena. Sijapewa kitu na mutu. Nimesema maneno hayo kwa harusi na kwa matanga, mbele ya mapadri na mbele ya wakubwa wa mji, na hayajanikwama kooni hata siku moja mpaka Jumanne ile.

Zakaria alinieleza ya kwake kwa maneno machache. Miaka yote ile aliishi kwa dada yake. Wanawake walipoenda shamba, walimufunga kwa kamba ya mbuzi ndani ya migomba, ili asitembee akaanguke mutoni. Si kwa ubaya, alisema, walimufunga kivulini. Kisha mwaka uliopita infirmie mupya, binti mudogo tu, alipita nyumba kwa nyumba akampa vidonge. "Vilevile, Vumbi. Vyeupe vilevile. Nikamwambia, mama, ya bure, moto imenigusa. Akacheka. Akasema hata ungelala ndani ya moto, kunywa tu." Baada ya wiki tatu aliacha kuanguka. Baada ya miezi akaanza kukumbuka. "Nimekumbuka kichwa yangu ilikuwa kwa mulango," akasema. "Mbabula ilikuwa kule. Ndiyo nimekuja. Ilikuwa moto ama haikukuwa moto?"

Wafanyakazi walikuwa wamezima mashine moja ili wasikie vizuri. Nilifikiria kuwafukuza. Nikasema, "Ilikuwa uji. Niliipiga teke nikikimbia. Makala hayakukugusa."

Kisha akauliza, "Uji ya nini?"

"Ya mahindi. Na karanga."

"Na karanga," akasema. "Na hata hiyo sikukunywa." Akacheka kidogo, ufizi mutupu. Hakunitukana. Nilingojea anitukane, nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimetayarisha jibu. Alitia mukono ndani ya mufuko wa shati akatoa kidonge, akaomba maji, sababu saa yake ilikuwa imefika. Mufanyakazi wangu mumoja, aliyesikia ile habari ya kuanguka, alikimbia akarudi na kopo tupu la mafuta ya mashine. Nilimupigia kelele. Nikasema lete kikombe yangu, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho hakuna mutu mwingine anakunywa nacho ndani ya depo ile. Nilitaka waone. Zakaria akameza kidonge, akakunywa nusu, akapangusa mudomo wa kikombe na kidole gumba, kama zamani, akaninyooshea.

"Sasa weye."

Watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama. Ninajua yale magonjwa hayaambukize na mate. Nimeyasikia kwa radio, mutoto wangu amesoma udaktari ameniambia mara mia. Mimi nimesimama mbele ya bunduki kwa ajili ya rundo la mbao. Nilichukua kikombe. Nilikiinua mpaka hapa, kwenye kidevu, na maji yalikuwa safi.

"Sina kiu," nikasema.

Aliitika na kichwa, kama vile nilimujibu swali lake la kweli. Alichukua kikombe mukononi mwangu, akamwaga maji yaliyobaki juu ya unga wa mbao, akakipindua juu ya rundo. Alipita karibu na mashine iliyokuwa bado inazunguka, akasimama, akainamisha sikio. "Vumbi," akasema bila kugeuka, "inaenda kushoto." Akatoka.

Nilipima mwenyewe ubao uliokuwa ndani ya mashine ile. Ilikuwa kweli, upana wa kucha. Kikombe bado kiko pale juu ya mbao, kimepinduka. Wafanyakazi wanapita mbali nacho wakibeba mizigo, na hakuna mutu niliyemwambia akiondoe.